Acheni Kutuambia "Ni Majani Tu"



Najua wengi mnasubiri ile mada ya mishono ya madera niliyoahidi. Itakuja, inshaallah. Leo nina jambo limenikaa kifuani tangu Ramadhani iliyopita, na nikilinyamazia nitakuwa mnafiki. Nitawaudhi watu. Wengine ni marafiki zangu wa biashara, wengine tunakutana darsa moja kila wiki. Mniwie radhi, lakini leo nasema.

Kwa mwaka na zaidi, pale dukani kwangu Mjini Unguja, kwenye kaunta ileile ninayoweka vifungo, zipu na lastiki, nilikuwa nauza pakiti za chai. Chai ya chango, chai ya viungo na mgongo, chai ya kupunguza tumbo. Sizitengenezi mie. Naletewa, naweka, ikitoka napata changu. Na zilitoka kweli. Wateja wangu ni wanawake, na mwanamke akisimama nimpime mabega na kiuno, mazungumzo huwa yaleyale: mgongo, magoti, tumbo la hedhi, uchovu. Nikishamaliza kupima namwonesha pakiti. "Chukua hii shoga, ni majani tu, haina madhara."

Ni majani tu. Neno hilo nimelisema mara ngapi, Allah ndiye ajuaye.

BI MKUBWA NA MAGOTI YAKE

Mwezi wa Shaabani alikuja mteja wangu wa siku nyingi, bi mkubwa ambaye nimemshonea yeye, binti zake na sasa wajukuu. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Mbele yangu alitoa kidonge cha diklofenaki kwenye mkoba, akaomba maji, akameza. Kisha akaiona ile chai ya viungo. Akaniuliza, na hili ndilo linaloniumiza mpaka leo: "Mwanangu, naweza kuinywa pamoja na hivi vidonge?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Kunywa tu bi mkubwa, haya ni majani." Nikamuuzia pakiti mbili, nikampunguzia bei, nikajiona mwema.

Ramadhani ikaingia. Kwa kuwa mchana amefunga, akapanga dawa zake usiku: kidonge na chai wakati wa kufuturu, kidonge na chai tena wakati wa daku. Siku nyingine daku yenyewe ilikuwa hiyo chai na tende moja. Kumi la mwisho, duka limejaa, mafundi wangu hawainui hata kichwa, akaja binti yake peke yake kuchukua nguo. Akanambia mama kalazwa. Kwa siku kadhaa alikuwa anapata choo cheusi kama lami, akaona haya kumwambia mtu, mpaka akaanguka chooni. Kumbe ana kidonda cha tumbo kinavuja damu. Aliongezewa damu. Alhamdulillah, alipona.

Baada ya Sikukuu alikuja mwenyewe. Hakuja kugomba. Alikaa kwenye kiti chake cha kila siku, akanipa mkono wa Idi, akasema: "Mwanangu, ile chai ina nini ndani? Daktari kaniuliza, nimekosa la kumjibu."

Nikachukua pakiti nikaigeuza. Mbele pana picha ya majani mabichi. Nyuma pana nambari ya simu na maneno "asili asilimia mia". Basi. Nikampigia anayeniletea, mbele ya bi mkubwa. Akanambia hiyo ni siri ya biashara.

Mie ni fundi. Skuli nimeishia kidato cha nne, kisha nikasoma kozi ya ushoni. Lakini nipe kitambaa, nitakwambia hii ni pamba, hii ni poliesta, hii imechanganywa, hii ukiipiga pasi ya moto itaungua. Nisipojua nasema sijui. Kwa nguo inayovaliwa juu ya mwili niko mwangalifu hivyo, halafu kwa kitu kinachoingia tumboni mwa mtu nilikuwa nauza picha ya majani.

Nisiseme uongo hapa. Daktari wa bi mkubwa alisema mkosaji mkubwa ni vile vidonge, tena vilivyomezwa juu ya tumbo tupu kwa wiki nyingi bila kuandikiwa na mtu. Chai ilichangia kiasi gani hakuna awezaye kusema, kwa sababu hakuna anayejua ndani yake mlikuwa na nini. Hilo ndilo linalonikasirisha. Mtu ametoka kwenye mlango wa kaburi, na bado hatuwezi kumwambia alikunywa nini.

VIDONGE VINAFANYA NINI, MAJANI YANAFANYA NINI

Nina mteja mfamasia. Nilimshonea nguo zake za kazi, nikamwambia nusu ya ujira anilipe kwa maelezo. Haya ndiyo niliyoyapata kwake, nayaandika kwa lugha yetu ya dukani.

Dawa za maumivu tunazonunua ovyo ni familia mbili. Ya kwanza ni parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol hata kama si Panadol. Ya pili ni asprini, ibuprofeni na diklofenaki. Hii familia ya pili inatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kemikali hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo usiliwe na asidi, na ndizo zinazosaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Kwa hiyo goti linapoa, tumbo linabaki bila mlinzi. Tena dawa hizi zinapunguza uwezo wa damu kuganda. Asprini ndiyo kali zaidi kwa hilo: ukimeza leo, vile vichembe vinavyoziba jeraha havirudi kazini tena mpaka mwili utengeneze vipya, na hilo huchukua siku 7 mpaka 10.

Sasa njoo kwenye kikombe. Tangawizi, kitunguu saumu, manjano na karafuu vyote vimeonekana katika maabara kwamba vinapunguza kuganda kwa damu. Kwa binadamu matokeo hayafanani, na kwa kiasi tunachotia kwenye pilau au chai ya maziwa, kwa mtu mzima mwenye afya hakuna cha kutishana. Lakini vijiko viwili vya unga uliokolezwa, asubuhi na jioni, mwezi mzima, hicho si kiungo cha chakula tena. Hiyo ni dozi. Ukiiweka juu ya dawa inayoifanya damu iwe nyepesi na tumbo liwe wazi, unajiongezea hatari bila kujua. Na kwa mwenye kutumia warfarini kwa ajili ya moyo au damu iliyoganda, huyo asiguse mchanganyiko wowote, wa majani wala wa vidonge vya maumivu, kabla hajamuuliza daktari wake.

Choya je? Sie tunainywa ya baridi futari nzima, na wengine wanaichemsha kwa ajili ya presha. Choya inashusha presha kidogo, hilo ni kweli na limepimwa. Lakini Nigeria, ambako wanaiita zobo, watafiti waliwanywesha watu wazima wenye afya choya pamoja na diklofenaki, wakapima mkojo wao. Dawa iliyotoka kwenye mkojo ilipungua. Maana yake hilo ua jekundu lisilo na makosa linaweza kubadilisha namna mwili unavyoishughulikia dawa. Sisemi choya ni sumu, mie mwenyewe naipenda. Nasema choya si maji.

Zile chai za kupunguza tumbo, nyingi kazi yake kubwa inafanywa na sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kuharisha, na wazee wetu walijua hivyo, wakaitoa kwa siku moja mbili mtu akifunga choo. Leo inauzwa inywewe mwezi. Ukiharisha kila siku unapoteza maji na madini ya potasiamu. Mwanamke huyohuyo akiumwa kichwa kwa kukosa maji anameza diklofenaki, dawa inayopunguza damu ya kwenye figo. Figo zimekaushwa huku na kubanwa kule. Mzani unaonesha kilo zimepungua, naye anafurahi, kumbe yaliyopungua ni maji.

Na karafuu, utajiri wetu. Mafuta ya karafuu yamejaa kitu kinachoitwa yujenoli, ndicho kinachotuliza jino na ndiyo maana madaktari wa meno wanakitumia. Tone kwenye pamba, sawa. Lakini wapo watoto wadogo katika nchi mbalimbali waliokunywa mafuta hayo kiasi cha vijiko viwili vitatu vya chai, wakaharibika ini. Baadhi yao walitibiwa kwa dawa ileile anayopewa mtu aliyezidisha parasetamoli. Hebu fikirini hilo. Karafuu na Panadol, vitu viwili ambavyo hakuna nyumba ya Unguja wala Pemba isiyokuwa navyo, na vyote vikizidi vinakwenda kupiga mahali pamoja.

Maana parasetamoli nayo ina mpaka. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwembamba sana au mwenye ini bovu hata hivyo ni vingi. Watu wengi wanapita bila kujua, kwa sababu ndani ya dawa za mafua nyingi mna parasetamoli tayari. Unameza ya kichwa, unameza ya mafua, unamaliza na chai ya unga usiojulikana. Na ubaya wa ini ni kwamba halipigi kelele mapema. Mtu anaweza kujiona mzima siku nzima au mbili, macho yakija kuwa ya manjano muda umeshakwenda.

LA KUTISHA ZAIDI

Kuna chai inayokuponya goti ndani ya saa moja. Umeshawahi kujiuliza kwa nini?

Mfamasia wangu alinambia wazi: majani yanayofanya kazi haraka namna hiyo, yashuku. Sehemu nyingi za dunia dawa za "asili" zimepimwa zikakutwa zimetiwa dawa za hospitali kwa siri, hasa hizi za maumivu na zile za kundi la steroidi. Msidhani nazua. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa umma kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri King, vilivyokuwa vikiuzwa kama kirutubisho. Vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Kama Marekani, na maabara zao zote, watu wameuziwa hivyo, sie wa pakiti ya nailoni na nambari ya simu tujione salama kwa lipi?

Sasa mchukue mtu anayekunywa chai ya namna hiyo na juu yake anameza diklofenaki yake ya halali. Kiwango cha mtu mzima kwa siku hakitakiwi kupita miligramu 150. Yeye anadhani amekula 100 na majani. Kumbe huenda amekula 200, na hakuna atakayemwambia.

Sisemi chai niliyouza mie ilikuwa hivyo. Sijui. Nimeuza mwaka mzima kitu nisichokijua. Hiyo ndiyo kesi yangu mbele ya Mola wangu.

MAJIBU YENU NAYAJUA

"Bibi zetu walikunywa wakaishi miaka tisini." Ni kweli, na Allah awarehemu. Lakini bibi zetu hawakuwa na diklofenaki inayouzwa kila kona. Walikunywa mti bila kidonge juu yake. Na zaidi ya hapo, bibi zetu walikuwa na masharti. Bibi yangu mzaa mama alijua mitishamba, na kila mti alikuwa na neno lake: huu siku tatu basi, huu mwenye mimba asiguse, huu usinywe na njaa. Hakuniambia hata siku moja kwamba hakuna madhara. Hili la "haina madhara" si la bibi zetu. Hili ni la wauzaji, na mie nilikuwa mmoja wao.

"Tangawizi imetajwa ndani ya Qur'ani, na habasoda imetajwa na Mtume." Naam, tangawizi imo kwenye Suratul Insan, katika vinywaji vya watu wa Peponi. Na hadithi ya habasoda ni sahihi, sote tunaiamini. Lakini dada zangu, asali nayo imetajwa kuwa ni shifaa, na mwenye kisukari hatumpi kikombe kizima. Neno la Mtume (s.a.w.) halina walakini. Walakini uko kwa yule anayechukua neno hilo, akalibandika kwenye pakiti yenye vitu kumi na viwili asivyovitaja, akaongeza bei. Dini yetu hiyohiyo ina hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba mwenye kutibu watu hali hajulikani kwa elimu ya utabibu, dhamana ya madhara iko juu yake. Ina pia ile ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono kwenye rundo la nafaka akakuta chini imelowana, akamkemea mwenye mali kwa kuificha ile sehemu mbovu. Hadithi hizi mbona hazibandikwi kwenye pakiti?

"Umenunuliwa na makampuni ya dawa." Nani aninunue, fundi wa madera? Rudini juu msome tena: mkosaji wa kwanza niliyemtaja ni kidonge. Na mkumbuke, vidonge vyenyewe vina asili ya miti. Asprini imetokana na elimu ya gome la mti wa wilo, ambalo watu wa kale walilitafuna kwa homa na maumivu. Kwinini imetoka kwenye gome la mti. Dawa mseto ya malaria tunayomeza leo asili yake ni mmea uliotumiwa China, na mwanamke aliyeigundua dawa ndani yake, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo anayesema "ni majani tu" ndiye anayeyadharau majani. Mie nayaheshimu. Nasema yana nguvu. Kinachoweza kuponya kinaweza kudhuru, na dawa mbili zikikutana tumboni hazijali moja imetoka kiwandani na nyingine imetoka Darajani.

"Mie nakunywa miaka na sijadhurika." Alhamdulillah. Na bi mkubwa naye alikuwa hajadhurika, mpaka siku aliyoanguka.

NA NYIE WA DIRISHA LA DAWA

Sasa nageuka upande wa pili, maana lawama hii si ya wauzaji wa chai peke yao.

Nilimuuliza bi mkubwa kwa nini alipolazwa hakusema tangu mwanzo kwamba anakunywa chai. Akanambia aliogopa kufokewa. Hapo sina la kumlaumu. Nani kati yetu hajawahi kufokewa? Unakwenda kituoni, unasema nimekunywa mwarobaini, mtu anakucheka mbele ya foleni nzima, anakuuliza kwani kwenu hakuna hospitali. Mara ya pili husemi. Mara ya tatu unaambiwa umeze hiki mara tatu kwa siku, unaitikia, na nyumbani sufuria iko jikoni inachemka.

Nyie mnaotoa dawa: ukimfokea mwanamke hujamwachisha majani. Umemfundisha kuficha tu. Na maduka ya dawa, mnauza diklofenaki kama mnauza pipi. Hakuna swali la vidonda vya tumbo, hakuna swali la presha, la figo, la mimba. Wakati dawa za familia ile ya pili zinaweza kupandisha presha na kuidhoofisha kazi ya dawa za presha. Wakati mwenye mimba akishafika wiki ya 20 anatakiwa kuziepuka mpaka daktari amwambie, kwa ajili ya figo na moyo wa mtoto. Wakati mwenye homa ambayo inaweza kuwa dengue, kama ile iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hatakiwi kupewa asprini wala ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu zinaweza kumvujisha damu. Swali moja tu, "Kuna kitu kingine unatumia, hata cha miti?" linachukua muda gani? Liulizeni kwa upole, bila kucheka. Wanawake watawaambia kila kitu.

NINACHOTAKA TUFANYE

Mie nimeshazitoa zile chai kwenye kaunta. Aliyekuwa ananiletea kakasirika, hatusemezani vizuri mpaka leo. Pesa ile naikumbuka, nisijifanye, kodi ya duka ilikuwa inasaidiwa nayo. Mahali pale sasa nimeweka pini na mitandio. Sisemi kila mtu aache biashara ya mitishamba. Nasema haya:

Muuzaji, andika kila kilichomo, kwa jina la Kiswahili linaloeleweka, na kiasi chake. Andika nani asinywe. Siri ya biashara iwe kwenye mshono, si kwenye tumbo la mtu. ZFDA ipo na Baraza la Tiba Asili lipo. Kama bidhaa yako ni safi, ipeleke ikapimwe na isajiliwe. Ukiogopa kuipeleka, tushajua.

Mnunuzi, pakiti isiyo na orodha irudishe, hata kama anayeuza ni dada yako wa darsa. Yenye orodha, ipige picha kwa simu. Siku ukienda hospitali au duka la dawa, huna haja ya kueleza sana, toa simu uoneshe.

Chagua kimoja. Kama wiki hii unatumia diklofenaki, ibuprofeni au asprini, acha unga, vidonge na chai zilizokolezwa. Kula pilau yako, kunywa chai yako ya tangawizi ya kawaida kikombe kimoja, lakini usigeuze kikombe kuwa dozi. Ila asprini uliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo usiiache kwa maneno yangu, muulize yeye. Ukiwa na mafua, parasetamoli kwa kiwango chake na chai nyepesi ya tangawizi au mchaichai, hilo sikukatazi.

Ramadhani, usimeze dawa za familia ya pili juu ya tumbo tupu. Futuru kwanza, kula chakula cha kweli, kunywa maji ya kutosha, ndiyo umeze. Na kama huwezi kufunga bila vidonge vya maumivu kila siku, muulize daktari, kisha muulize sheikh. Mgonjwa ameruhusiwa kula. Ruhusa ya Allah nayo ni rehema, msiikatae halafu mkaikumbatia pakiti ya nailoni. Sote tunajua Qur'ani imetukataza kujitia wenyewe kwenye maangamizo.

Ukiona choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au kama machicha ya kahawa, kizunguzungu cha kuanguka, macho ya manjano, mkojo kupungua au uso kuvimba, usione haya na usingoje Idi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na sema kila ulichokunywa. Na kama unangoja operesheni, hata ya uzazi, taja majani yako mapema, si ukiwa tayari kitandani.

Mwisho, bi mkubwa. Bado ni mteja wangu. Juzi kaja na kitambaa cha harusi ya mjukuu, na alipokaa nikaenda mwenyewe kumletea maji. Nikamwomba radhi tena, pengine mara ya nne. Akanambia, "Nishakusamehe mwanangu. Lakini waambie na wenzio."

Ndiyo haya nimewaambia. Na wewe uliyesoma, ikiwa kesho mtu atakuuliza, naweza kuchanganya hii na hivi vidonge, na wewe hujui, sema hujui. Si aibu. Aibu nimeshaiona mie, ilikuwa imekaa kwenye kiti mbele yangu, ikinipa mkono wa Idi.

Allah atuponye wagonjwa wetu, atupe rizki isiyokuwa na dhima ya mtu, na atusamehe tuliyoyauza bila kuyajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.